Sekunde Arobaini na Saba

Profesa Nakijwa Mrindoko aliiona kasoro siku ya tatu ya ukaguzi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, na hakuiandika.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa Ziwa Balangida, buti zake za mpira zimeganda chumvi mpaka vifundoni, akikitazama kitambazi kikivuka uwanda mweupe. Kilikuwa mashine ya magurudumu sita yenye kimo cha mbuzi, na ndani yake mlikuwa na jicho la Dk. Paskali Akonaay. Halikuwa jicho la nyama. Lilikuwa namna yake ya kuisoma ardhi, iliyovunwa kichwani mwake kwa wiki kumi na moja chini ya kofia ya nyaya, mpaka mashine ikaweza kuchagua njia kama ambavyo yeye mwenyewe angechagua. Ilibidi iwe hivyo. Kule kilikokuwa kinaandaliwa kwenda, Titani, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, ujumbe kutoka duniani ulichukua zaidi ya saa moja kufika. Huwezi kuuliza "nikanyage hapa?" ukasubiri jibu saa mbili na nusu huku ardhi inakumeza.

Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameufunika Mlima Hanang mpaka miguuni. Kitambazi kilifika mahali ambapo ganda la chumvi lilikuwa limepasuka mabamba mabamba, kikasimama. Kikageuza kamera kushoto, kikageuza kulia, kama mtu aliyepoteza miwani. Kisha kikashika njia ya kulia. Gurudumu la mbele lilizama kiasi cha kidole, na fundi Gidamis akakizima haraka kwa rimoti.

Gidamis alikuwa mzaliwa wa pale pale. Baba yake na babu yake walichimba chumvi ziwani humo.

"Leo hiki kitu hakioni, mama," alisema. "Hapo kulia hata ng'ombe asingepita."

"Kimeteleza tu," Nakijwa alimjibu.

Lakini alikwishajua. Paskali aliisoma ardhi kwa vivuli. Sifa yake yote ilitokana na picha zilizopigwa kutoka angani, ambamo urefu wa kivuli ndio unaokuambia kilima ni kirefu kiasi gani. Jua likiwaka, jicho lake lilikuwa kali kuliko la mtu yeyote. Jua likifichika, halikuweza kutofautisha bamba lenye kingo zilizopinda juu, ambalo chini yake ni pakavu, na bamba lenye kingo nyeusi zilizolala, ambalo chini yake ni uji wa magadi. Na kule Titani anga lote ni ukungu wa rangi ya chungwa. Tangu mwezi ule uumbwe, kivuli cha maana hakijawahi kuanguka juu yake.

Wiki mbili za mafunzo zingetosha kulirekebisha jicho lile. Nakijwa alilijua hilo pia. Akafungua daftari la ukaguzi, akaandika: *Siku ya tatu. Mawingu. Hali ya kawaida.*

* * *

Vitambazi vilikuwa viwili. Cha Mbele kingetangulia na kuchagua njia, na mwenye jicho lake ndiye ambaye jina lake lingeandikwa kwenye kila kitakachogunduliwa. Cha Nyuma kingefuata nyayo, kikibeba betri za akiba. Baraza la Taasisi ya Nyuso za Sayari, pale Katesh, lilipiga kura. Paskali akapata saba, Nakijwa nne.

Nakijwa alikuwa na miaka hamsini na minane. Miaka ishirini na tisa kati ya hiyo alikuwa ametembea juu ya maganda ya Balangida, Eyasi na Natron, akigonga kwa fimbo ya chuma na kusikiliza. Paskali alikuwa mwanafunzi wake, kijana kutoka Mbulu aliyekuja na sweta moja na maswali mengi. Alhamisi moja darasani, Nakijwa alichora ubaoni ziwa lenye kingo zilizoinuka kama mdomo wa chungu. Akasema: "Haya maziwa ya Titani hayakuchimbwa na mvua. Mimi naona yalilipuka kutoka chini, kama mashimo yetu ya Basotu." Kisha kengele ikalia, akaenda kula. Hakuliandika popote. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, mama yake alikuwa mgonjwa, na wazo lile aliliona kama mali iliyo kabatini, itachukuliwa siku yoyote.

Miaka kumi na minne baadaye Paskali aliliandika. Alikuwa amepima kingo za maziwa mia nne, moja baada ya jingine, kwa vivuli vya picha za rada, ambayo hupenya ukungu ule. Dunia ikampigia makofi. Katika tanbihi ya thelathini na moja alimshukuru "Profesa N. Mrindoko kwa mazungumzo yenye manufaa."

Mazungumzo! Nakijwa aliisoma tanbihi ile mpaka akaijua kama sala. Lau Paskali angekuwa mwizi, angemshitaki na kupona. Lakini hakuwa mwizi. Alikuwa amefanya kazi ambayo yeye hakuifanya, na hapo ndipo palipouma. Angalau angekuwa na majivuno. Hata hayo hakuwa nayo. Kila Krismasi alimletea dumu la asali ya Mbulu, akimwamkia kwa kuinama kana kwamba bado ni mwaka wa kwanza.

Kisha kulikuwa na kanuni. Mkurugenzi wa taasisi, Dk. Raya Mselem, Mzanzibari wa maneno machache, ndiye aliyeitunga: jicho la aliyeshinda hukaguliwa na aliyeshika nafasi ya pili. "Hakuna anayetafuta kasoro kwa bidii kama aliyeshindwa," alizoea kusema. "Wivu nao ni chombo cha kupimia. Tukitumie."

Nakijwa alipompelekea ratiba ya jaribio la mwisho, Raya aliitazama akakunja uso.

"Tarehe kumi na saba, saa moja na nusu asubuhi? Baraza zima litatoka Katesh gizani."

"Baadaye joto linavuruga vipimo," Nakijwa alisema.

Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa mfukoni mwake. Tarehe kumi na saba kungekuwa na mawingu mazito mpaka saa sita.

* * *

Wajumbe kumi na mmoja walisimama chini ya turubai, vikombe vya chai mikononi. Paskali alivaa koti jipya. Alimkaribia Nakijwa, akainama kidogo.

"Shikamoo, Profesa. Umeona lolote la kurekebisha?"

Lilikuwa swali la wazi, limeulizwa kwa nia njema, na jibu lake lilikuwa sentensi moja.

"Marahaba. Tutaona pamoja," alisema.

Kitambazi kilikwenda vizuri hatua mia mbili. Kilipofika kwenye mabamba kilisita, kikageuza kamera huku na huku, kisha kikaingia moja kwa moja kwenye kingo nyeusi. Ganda likapasuka kwa sauti ya sahani. Magurudumu ya mbele yakazama, kikajaribu kurudi, kikajichimbia zaidi. Uji wa magadi ukafika kifuani pake.

Ambalo Nakijwa hakulitarajia ni kwamba Paskali angekimbia. Alitupa kikombe akakikimbilia, huku Gidamis akipiga kelele nyuma yake, "Dokta, rudi! Dokta, hapo hapakanyagwi!" Alikifikia, akashika mkono wa chuma, na hapo ganda likakatika chini ya miguu yake mwenyewe. Akazama mpaka mapajani. Gidamis alilala kifudifudi juu ya ubao wa kuchimbia chumvi, akajisogeza kidogo kidogo, akamvuta kwa mkanda. Kumtoa kulichukua karibu nusu saa. Ngozi ya miguu yote miwili, kuanzia magotini kushuka chini, ilikuwa imeunguzwa na magadi ikawa kama ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

Wakati wanampandisha kwenye gari, Paskali alikuwa anaomba radhi. Si kwa yeyote hasa. Aliomba radhi tu, kwa baraza, kwa fundi, kwa mashine.

Siku tatu baadaye baraza lilibadilisha nafasi. Jicho la Profesa Mrindoko likawa la Cha Mbele. La Dk. Akonaay, likisharekebishwa, lingekwenda na Cha Nyuma.

* * *

Asingeweza kusema kwamba hakufurahi. Alifurahi sana. Kila asubuhi kwa wiki kumi na moja aliketi chini ya kofia, akapitishwa kwenye picha na sauti za ardhi elfu moja, na kwa kila moja mashine iliuliza bila maneno: ungefanyaje? Naye akajibu. Miaka yake yote ilikuwa na kazi sasa, kila fimbo aliyoigonga, kila buti iliyooza. Waandishi wa habari walikuja wakampiga picha kando ya ziwa. Mmoja akamuuliza kuhusu wazo la maziwa kulipuka, naye akasema, "Hilo nililisema darasani zamani sana," na gazeti likaliandika kwa herufi kubwa. Alilikata lile gazeti akalihifadhi.

Lakini miguu ya Paskali hakwenda kuitazama hospitalini. Alituma matunda.

Na kwa kuwa kanuni ni kanuni, jicho lake Nakijwa lilipokamilika, mkaguzi alikuwa Paskali. Alirudi kazini akitembea kwa fimbo, bandeji zikionekana chini ya suruali. Alifanya kazi mwezi mzima bila kulalamika. Kisha, mchana mmoja, akamwita kwenye chumba cha majaribio.

"Jicho lako ni zuri kuliko langu, Profesa," alianza. "Kwenye ganda halijakosea hata mara moja. Nataka uone jaribio la jozi."

Aliwasha skrini. Vitambazi viwili vilionekana kwa juu, kama mende wawili kwenye sinia la unga. Cha Mbele, chenye jicho la Nakijwa, kilikuwa kimevuka salama. Cha Nyuma kilikengeuka kidogo kuelekea kwenye kingo nyeusi. Pembeni mwa skrini, saa ilihesabu.

"Sekunde ya nne, jicho lako limekwishatambua hatari. Tazama huo mstari mwekundu. Limejua." Saa ikaendelea kuhesabu. Ishirini. Thelathini. Gurudumu la Cha Nyuma likaanza kuzama. Arobaini. Hamsini na moja. "Sasa ndiyo limetoa onyo."

"Mtandao," Nakijwa alisema. "Ujumbe umechelewa njiani."

"Nami nilidhani hivyo. Nimerudia. Nikiweka jicho la mtu mwingine kwenye Cha Nyuma, lako linaonya sekunde ya tano. Nimejaribu ya watu sita. Nikiweka langu, linasubiri. Mara kumi na tisa, na wastani wa kusubiri ni sekunde arobaini na saba. Majina niliyaficha, Profesa. Linanitambua kwa mwendo wangu."

Feni ya dari ilikuwa inazunguka. Nakijwa alisikia kila bawa lake likipita.

"Mashine haina wivu," alisema.

"Haina. Haikuvuna moyo wako, ilivuna maamuzi yako tu. Mahali fulani, siku fulani, uliwahi kuamua hivi." Alisema polepole, akitazama fimbo yake. "Asubuhi ile ya mawingu. Nilipokuuliza kama umeona lolote. Ulikuwa umeona?"

Nakijwa aliutazama mstari mwekundu kwenye skrini. Kisha akasema, "Andika ripoti yako, Paskali."

"Nikiandika, watasema nalipa kisasi. Nisipoandika, vitambazi viwili vitakwenda mpaka Zohali, miaka saba njiani, na kimoja kitakitazama kingine kikizama. Nami nitakuwa nilijua nikanyamaza." Akazima skrini. "Kikao ni saa tisa. Bado sijui nitasema nini."

Akainama kidogo, kama siku zote, akatoka akichechemea.

Nakijwa alibaki na skrini nyeusi. Alimjua Paskali tangu akiwa na miaka kumi na tisa, na aliweza kukisia atakachofanya. Asingemtaja. Angesema kuna hitilafu kwenye mfumo wa maonyo, angependekeza irekebishwe kimya kimya, angeubeba uzito ule yeye mwenyewe ili mwalimu wake asiaibike. Angeweza kabisa kufanya hivyo. Na Nakijwa angebaki na Cha Mbele, na jina lake, na gazeti lake.

Alipolifikiria hilo, kitu kilimchoma ambacho hakukitegemea. Hakikuwa toba, toba ilikuja baadaye na ilikuja polepole, kwa miguu. Ulikuwa wivu ule ule. Hata katika hili Paskali angemshinda. Angemshinda kwa wema, mbele ya macho yake, na safari hii hata tanbihi isingekuwepo.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika arobaini. Alinyanyuka akachukua daftari la ukaguzi.

* * *

Raya alikuwa ndiyo kwanza amefungua kikao, na Paskali alikuwa bado anapanga karatasi zake, Nakijwa alipoomba kusema. Hakuketi.

"Nilikiona kile kilichokizamisha kitambazi wiki tatu kabla hakijazama," alisema. "Siku ya tatu ya ukaguzi. Jicho la Dk. Akonaay haliwezi kusoma pasipo kivuli. Fundi Gidamis aliniambia hakioni, nikamwambia kimeteleza. Niliandika hali ya kawaida. Hapa, huu ndio mwandiko wangu. Kisha nikachagua tarehe ya jaribio kwa utabiri wa mawingu."

Akaliweka daftari mezani.

"Jicho langu nalo linafanya hivyo hivyo. Mkaguzi atawaonyesha. Likiona yeye anazama, linangoja. Msilipeleke."

Mjumbe mmoja mzee, aliyempigia kura mara zote mbili, alisema kwa sauti ya chini, "Nakijwa, mwenzetu, mbona hukutuambia tu?"

"Nilitaka azame," alisema. "Mashine. Nilitaka izame mashine mbele yenu. Yeye sikujua kwamba ataingia." Akaona kwamba maneno hayo yanajitetea, akayaacha hapo.

Paskali hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

Raya alilivuta daftari, akausoma ule mwandiko. "Ile kanuni niliitunga mimi," alisema. "Nilidhani wivu utaitafuta kasoro. Sikufikiri kwamba unaweza kuipata ukaiatamia kama yai." Akaifunga kalamu yake. "Toka nje kidogo, dada. Tutakuita."

Walimwita baada ya saa moja. Jicho lake lilifutwa jioni ile ile mbele yake. Wiki kumi na moja na miaka ishirini na tisa zikaenda kwa kubonyezwa mara moja. Hangekagua tena chochote. Cha Nyuma kilipewa jicho la mtafiti kijana kutoka Mbeya, na Cha Mbele kikarudi kwa Paskali. Magazeti yaliandika tena, kwa herufi kubwa zaidi, na safari hii hakukata lolote.

Lakini zilikuwa zimebaki wiki tisa kabla ya roketi kuondoka, na jicho la Paskali lilikuwa bado halijui kusoma ganda bila kivuli. Hapakuwa na kitabu kilichofundisha jambo hilo. Alilijua mtu mmoja tu, na hakuwahi kuliandika, kama kawaida yake.

Paskali mwenyewe ndiye aliyepiga simu. Hakumwamkia.

"Sijakusamehe," alisema. "Nataka uelewe hilo kwanza. Lakini nahitaji kujifunza. Utakuja?"

"Nitakuja."

* * *

Walisubiri asubuhi za mawingu. Gidamis alitangulia na ubao wake, Nakijwa akafuata, na Paskali nyuma, buti zake zimefungwa kwa kitambaa mpaka juu kuzuia magadi yasiguse makovu. Kichwani alivaa kofia ndogo ya nyaya, ili anachojifunza kiingie moja kwa moja kwenye jicho. Gidamis hakumwita tena mama. Alimwita Profesa, na alimwita pale tu ilipolazimu.

Nakijwa alifundisha kama alivyofundisha zamani, kwa maneno machache. Usitafute kilichoinuka, tafuta kilichochoka. Tazama rangi ya ukingo, kisha tazama unyevu unapanda wapi. Gonga. Sikiliza kama inajibu au inameza. Paskali hakuuliza mambo mengine. Aliuliza juu ya ganda tu, na akisharidhika alisogea bamba linalofuata.

Siku ya kwanza alikosea mabamba tisa kati ya kumi na mawili. Siku ya nne alikosea manne.

Siku ya sita mawingu yalikuwa yameshuka mpaka ungedhani ni moshi. Uwanda wote ulikuwa rangi moja, mweupe usio na juu wala chini. Paskali alisimama, akatazama, akanyoosha fimbo bamba moja baada ya jingine. Hili kavu. Hili bovu. Hili bovu. Hili kavu, lakini usikae juu yake sana. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alipofika la kumi na mbili alisimama akiwa amempa Nakijwa mgongo, akisubiri huku Nakijwa akiyagonga yote kwa fimbo.

Nakijwa mwenyewe jambo hilo lilimchukua miaka tisa. Miaka tisa, na kuvunjika kifundo mara mbili, na ndoa moja iliyochoka kusubiri. Paskali, siku sita. Wivu ukampanda, wenye nguvu zile zile kama siku aliyoisoma tanbihi kwa mara ya kwanza. Alikuwa amedhani kwamba ukishakiri mbele za watu unaondoka. Haukuwa umeondoka. Angeweza kusema, "Rudia." Neno moja tu. Hakuna mkaguzi ambaye angelihoji, kwa kuwa mwalimu ana haki ya kumwambia mwanafunzi arudie.

"Umepata," alisema.

Paskali aligeuka. "Yote?"

"Yote kumi na mawili." Akainyoosha fimbo yake ya chuma. "Lile la tisa mimi ningelikanyaga."

Nalo lilikuwa kweli, na lilimtoka kwa shida kuliko yote aliyoyasema mbele ya baraza.